Bwana Afya na Nyumba za Watu

Jumanne asubuhi, wakati nachagua nyanya sokoni, mama anayeniuzia mboga aliniuliza kama nimesikia kwamba yule bwana afya amefariki. Aliuliza kwa sauti ya kawaida huku akinifungia nyanya kwenye kipande cha gazeti, kama mtu anayetoa habari ya mvua iliyonyesha kijiji cha pili. Nikamuuliza lini. Akasema Jumapili, na kwamba maziko yangekuwa Jumanne hiyo hiyo alasiri, kwake Kwamndolwa, wanamsubiri binti yake anayetoka Mwanza. Nilichukua nyanya zangu nikaondoka, halafu nikasimama kando ya barabara nisijue naelekea wapi. Simu ilikuwa mfukoni mwangu tangu Jumapili na haikulia, wala hapakuwa na sababu ya kulia. Hakuna mtu mjini Korogwe aliyejua kwamba mimi na yule mzee tulikuwa na jambo letu.

Niwaeleze alikuwa nani, ninyi mnaonisoma hapa kila wiki, maana wengi wenu hamkumfahamu, na waliomfahamu walifahamu upande mmoja tu. Kwa zaidi ya miaka thelathini alikuwa bwana afya, kwanza vijijini upande wa Handeni, kisha hapa Korogwe hadi akastaafu. Waliokulia wilaya hizi wanakumbuka maana ya cheo hicho. Bwana afya alifika kwa baiskeli bila taarifa, akachungulia choo, akafunua mtungi wa maji, akauliza taka zinatupwa wapi, kisha akaandika. Habari kwamba yupo njiani ilimtangulia nyumba hadi nyumba, na akina mama walifagia viwanja kwa haraka ambayo hata mgeni wa harusi hakuwahi kufanyiwa. Alipostaafu, mke wake akiwa ameshatangulia na watoto wakiwa mbali, hakuweza kuacha kutembea. Kila alasiri alitoka Kwamndolwa kwa miguu, mikono nyuma, akazunguka mitaa na kusimama mbele ya nyumba za watu akizitazama. Watu walijua kabisa kwamba amestaafu, lakini woga wao ulikuwa haujastaafu. Walimwona amesimama, wakafunga milango. Aliniambia mwenyewe, tulipokwisha zoeana, kwamba tangu aache kazi hajakaribishwa katika nyumba hata moja aliyosimama mbele yake. Alilisema bila kulalamika, kama mtu anayeeleza habari za goti linalomuuma.

Mimi nami nilimkimbia, sitawaficha. Nilikuwa nimehamia mtaa wa Masuguru miaka mitatu iliyopita, peke yangu, mke wangu akiwa kikazi Dodoma, na nilikuwa nimepanga nyumba ya zamani yenye kibaraza mbele. Nilimwona kupitia pazia, mzee mrefu, shati limepigwa pasi, ametulia mbele ya nyumba yangu kama anayesubiri kufunguliwa. Jirani alikuwa amenieleza yeye ni nani. Nikatoka nikiwa nimeshaandaa maelezo kuhusu choo, ambacho kweli kilikuwa na kasoro. Nikamwamkia, akaitika, na choo hakukigusia kabisa. Aliniuliza kama nimewahi kumwaga maji pale barazani. Nikasema sijawahi. Akaniomba nilete kikombe cha maji, nikaleta, akayamwaga taratibu kwenye sakafu karibu na mlango. Maji yakasita kidogo, halafu yakaondoka yenyewe, yakapita katikati ya viti, yakaenda pembeni na kudondokea kwenye kijitundu kilichotobolewa ukutani, kidogo kiasi kwamba kwa miezi minne nilikuwa nakiona kama kovu tu la ukuta. Akasema aliyejenga hapa alijua mvua inatoka upande gani, na alijua pia kwamba watu wazima watakuwa wamekaa hapa na hawatapenda kuinua miguu. Kisha akaaga akaenda zake. Nilibaki pale na kikombe kitupu, na kwa mara ya kwanza tangu nihamie nikahisi kwamba kuna mtu aliwahi kunifikiria ndani ya nyumba ile, hata kama alishakufa kabla sijazaliwa.

Tangu hapo tukawa tunatembea, mara moja kwa wiki, wakati mwingine mara mbili. Nilikuwa namfuata kwake, namsubiri barabarani, anatoka na kufunga mlango, tunaondoka. Hakuwa na kamera wala daftari. Kuandika, alisema, alikuwa ameandika vya kutosha. Alinionyesha maduka ya zamani ya karibu na stesheni ya reli, ambayo mimi nilikuwa nayaona kama magofu yaliyopakwa matangazo ya simu. Alinionyesha kwamba nguzo zake za barazani zimeviringishwa pembe hadi usawa wa bega tu, kwa sababu hapo ndipo wapagazi wenye mizigo walikuwa wanajikwaruza, na kuanzia begani kwenda juu fundi aliacha pembe kali kwa kuwa ni rahisi zaidi kujenga. Alinionyesha nyumba moja ya zamani ya kulala abiria ambayo ngazi yake ina kidato kimoja kifupi kuliko vingine, akasema huyo fundi alikosea hesabu, na kosa lake limekaa hapo miaka mingi kuliko umri wake. Alicheka sana siku ile. Alikuwa anawapenda mafundi waliokosea karibu sawa na waliopatia.

Mji wetu unabadilika, nanyi mnaona. Kila mwezi kuna baraza linavunjwa ili fremu ya duka isogee hadi ukingoni mwa barabara, na madirisha ya mbao yanang'olewa ili yaje ya alumini yanayotelezeshwa, halafu chumba kinakuwa cha moto na feni inanunuliwa. Sikatai maendeleo, mimi mwenyewe nina feni. Lakini nilipotembea na yule mzee nilianza kuelewa kwamba tunapobomoa, tunatupa pamoja na kifusi mawazo ambayo mtu aliyafikiria kwa makini, na hatuna hata habari kwamba yalikuwepo. Yeye hakuwa analaumu kama ninavyolaumu mimi. Kila nilipoanza kulalamika kuhusu wenye maduka alinyamaza. Nilidhani ni upole. Kumbe ilikuwa aibu, na sababu ya aibu hiyo nilikuja kuijua siku tulipokwenda kwenye kambi ya zamani ya wafanyakazi wa mkonge, nje kidogo ya mji.

Ni mabanda marefu ya vyumba vilivyopangana, mengine yana watu, mengine yameachiwa popo. Yale mabanda hayana madirisha ya kutosha, nami nikasema hivyo. Mzee akaniita karibu na ukuta. Akanyoosha mkono juu, mahali paa linapokutana na ukuta, akaniambia niweke mkono wangu hapo. Nilipouweka nikasikia upepo wa baridi unapita kwenye kiganja. Kulikuwa na mwanya kati ya ukuta na paa, upana wa vidole vinne, umezunguka banda zima, na upenu ulikuwa umeshuka kuuficha ili mvua isiingie. Joto la chumba lilipanda na kutokea pale. Nikageuka kumwambia nimeuona, nikakuta amekaa chini kwenye ngazi, ameshika kichwa. Nilidhani anaumwa. Akasema haumwi, ila kuna nyumba aliibomoa.

Akanieleza pale pale. Alikuwa kijana, mwaka wake wa pili kazini, katika kijiji kimoja cha upande mkavu wa Handeni. Ulikuwa wakati wa kuhimiza nyumba bora, na nyumba bora kwa maelezo aliyopewa ilikuwa na madirisha mawili yanayoonekana kutoka nje. Alifika kwa mama mmoja mjane aliyejijengea nyumba ya miti na udongo kwa mikono yake akisaidiwa na dada yake. Haikuwa na dirisha. Akaandika kwamba haifai kukaliwa na binadamu, akampa mwezi mmoja atoboe madirisha mawili makubwa au aivunje. Mama akatoboa. Ukuta ule ulikuwa umejengwa kusimama mzima, haukujengwa kutobolewa, na mvua ya kwanza kubwa ikauangusha. Mwaka uliofuata bwana afya akapita tena, akakuta rundo la udongo na miti inayooza. Kwenye karatasi yake, mbele ya jina la yule mama, akaandika kwamba agizo limetekelezwa. Hakufikiria tena jambo hilo hadi alipostaafu, siku alipopita kambini hapa peke yake na kuinua mkono kufuta utando wa buibui. Ndipo akakumbuka kwamba nyumba ya yule mama ilikuwa na mwanya wa namna ile ile, umesukwa kwa fito nyembamba chini ya nyasi. Macho yake ya ujana yalikuwa yameuona, lakini yeye hakuuona, kwa sababu alikuwa anatafuta dirisha na dirisha huwa usawa wa kifua.

Nikamwuliza kama aliwahi kurudi. Akasema hapana, anaogopa. Kusema kweli sikumhimiza, lakini wiki mbili baadaye alinipigia simu alfajiri akasema anakwenda Handeni na kwamba angefurahi kama ningekuwapo. Tulifika kijijini kabla ya adhuhuri. Ni nchi ya vumbi jekundu na vichaka, ng'ombe wa wafugaji wanapita katikati ya mashamba yaliyokwisha vunwa, na nyumba zimekaa mbalimbali. Tuliulizia, na haikuwa kazi. Yule mama alikuwa hai. Tulimkuta uani anapukuchua mahindi, amezeeka sana, lakini mikono yake ilikuwa na kasi kuliko ya mjukuu wake aliyekuwa ameketi naye. Mzee akamwamkia shikamoo, nami nikamwamkia, akaitika zote mbili na kutuletea viti. Mzee akaanza kueleza kwamba zamani alikuwa bwana afya na aliwahi kufika hapa. Mama akasema walifika wengi, wa vyoo, wa pamba, wa sensa, wa chanjo ya mifugo, hawezi kuwakumbuka wote. Niliona mabega ya mzee yanashuka. Alikuwa amejiandaa kwa hasira, hakuwa amejiandaa kusahauliwa.

Basi akaielezea nyumba. Alieleza ilipokuwa imesimama, mlango ulivyokuwa mfupi, zile fito zilizosukwa chini ya nyasi. Mikono ya mama ikasimama. Akasema, taratibu, akimtazama mjukuu wake na si sisi, "Yule kijana nilimwambia atazame juu. Nilimwambia mara mbili. Alikuwa anaandika."

"Kijana huyo ni mimi, mama," mzee akasema.

Mama akamtazama kuanzia viatuni hadi kichwani. "Umezeeka," akasema.

Mzee akamwambia kwamba nyumba ile ilikuwa nzuri, ilikuwa na upepo wake, na kwamba aliyekosea ni yeye. Alisema hayo kwa maneno machache kuliko niliyoyaandika hapa. Mama hakusema amesamehe. Alieleza kwamba ukuta ulianguka mchana, hapakuwa na mtu ndani, vyungu vyake vyote vilivunjika, na baada ya hapo alikaa kwa kaka yake miaka mitano akiomba chumvi kwa wifi yake. Miaka mitano, alirudia, halafu akaendelea kupukuchua. Nilitamani kuaga. Kisha mama akainua kichwa, akaonyesha kwa kidevu nyumba ya matofali iliyokuwa nyuma yake, akasema, "Na hii je? Wewe si mtazama nyumba? Itazame."

Mzee akasimama. Aliizunguka ile nyumba mara mbili, bila haraka, mikono nyuma. Aliporudi alisema nyumba zote alizoziona kijijini milango yake inatazama barabara, lakini wa hii umegeuziwa ubavuni, na anadhani ni kwa sababu ng'ombe wanapita barabarani na kiangazi upepo unaleta vumbi lao moja kwa moja ndani. Akasema pia ameona kokoto zimepangwa chini pale maji ya paa yanapodondokea, ili yasichimbe msingi. Mama alimsikiliza bila kupepesa macho. Alipomaliza, uso wake ulikuwa wa mtu mwingine. Akasema mlango aliuamua yeye, mwanawe aligoma, fundi naye akagoma, akawashinda wote wawili, na tangu nyumba iishe hakuna mtu aliyewahi kumwuliza kwa nini mlango uko pale. Akacheka, akamtuma mjukuu alete karanga. Tulipoondoka alitusindikiza hadi barabarani, anatembea mbele yetu, anatuonyesha nyumba za wengine na kasoro zake.

Katika safari ya kurudi mzee alizungumza mara moja tu. Alisema kazi yake yote ilikuwa kuona, na ameifanya miaka zaidi ya thelathini akiwa ameinamia karatasi. Nilikuwa najifikiria mwenyewe na safu hii. Nimewahi kuhoji watu wangapi nikiwa tayari najua ninachotaka waseme? Mwalimu anayesahihisha daftari, daktari anayeandika dawa kabla mgonjwa hajamaliza sentensi, ofisa anayejaza fomu, sote tunalipwa kwa kuangalia, na mara nyingi tunachoangalia ni nafasi iliyo wazi kwenye karatasi. Watu wanatuambia mara mbili. Baada ya hapo wanachoka, wanakwenda kutoboa ukuta kama tulivyoagiza.

Sasa nifike mahali ambapo sipendi kufika. Mwaka huu nilipata kazi nyingine ya kuandika, nikawa na shughuli, na matembezi yakawa mara moja kwa mwezi, halafu yakakatika. Mzee alinipigia akasema amesikia kuna jengo la mawe Mashewa, ghala la zamani, ambalo paa lake limeshikwa na miti ya mkonge hadi leo, na angependa tukalione kabla hawajalifumua. Nikamwambia wiki ijayo. Wiki hiyo akapiga tena, nikamwambia wiki ijayo. Hakupiga mara ya tatu, nami nikashukuru kimoyomoyo kwamba sikulazimika kudanganya. Alikaa hivyo wiki tatu. Jumapili jirani aliona mlango haujafunguliwa hadi baada ya ibada, akaingia, akamkuta amelala, amekwisha.

Maziko yalikuwa na watu wachache na yalikwenda haraka kwa sababu ya mawingu. Aliyesimama kuongea kwa niaba ya majirani alisema marehemu alikuwa mtu wa usafi, na kwamba vyoo vingi vya wilaya hii visingekuwepo bila yeye. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Ilikuwa kweli, na mtu anastahili kusifiwa kwa hilo, lakini nilikuwa nimesimama pale najisikia kama nimekuja kwenye msiba wa mtu mwingine. Jamaa mmoja aliniuliza mimi ni ndugu wa upande gani. Nikasema si ndugu, tulikuwa tunatembea pamoja. Akasubiri niendelee.

Watu walipotawanyika binti wa marehemu alinikaribisha ndani ninywe chai. Hapo ndipo nilipogundua kwamba kwa miaka mitatu sijawahi kuvuka kizingiti cha nyumba ile. Kila mara nilimsubiri barabarani. Katika chumba cha kulala, ambako binti alikuwa anakunja mashuka, kulikuwa na dirisha lililokaa chini mno, usawa wa goti langu. Nikauliza. Binti akasema mama yake aliumwa mgongo miaka miwili ya mwisho, akawa hawezi kuinua kichwa, na alikuwa analalamika kwamba anaona bati tu na mawingu. Baba yake akapasua ukuta mwenyewe, kwa patasi na nyundo, akaweka juu yake linta imara ya kubeba ukuta, akalishusha dirisha hadi usawa wa kitanda, ili mke wake akigeuza shingo aone barabara na watu wanaopita. Mama alipofariki, baba akahamia upande ule wa kitanda. "Alikuwa akikuona unakata kona ile pale," binti akasema, akinionyesha. "Ananiambia kwenye simu, mwandishi huyo anakuja, ngoja nivae viatu."

Niliketi kidogo kwenye kitanda kile. Barabara yote ilikuwa inaonekana, hadi konani. Kisha nikatoka nje, nikasimama pale pale nilipokuwa nasimama siku zote, nikaitazama nyumba. Madirisha matatu mbele, mawili yamelingana, moja limeshuka shubiri tatu chini ya mengine. Haikuhitaji utaalamu wowote. Mtu yeyote anayepita angeliona, kama angekuwa anatazama.

Nilijifunza kwa mzee huyu kutazama nguzo, ngazi, mapaa na matone ya mvua, na namshukuru kwa hayo yote. Lakini somo ninalowaachia leo nimelipata kwa kukosea. Mtu akikushika mkono akuonyeshe kazi za watu wengine, zitazame, ufurahi naye, halafu siku hiyo hiyo, kabla hamjaagana, mwulize na ya kwake iko wapi, umwombe akuonyeshe. Usimwambie wiki ijayo.